Kinachobaki Baada ya Medali

Mwanzoni mwa mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, wanariadha wawili kutoka pande hizi za magharibi mwa Kenya walipanda jukwaa la washindi. Ben Jipcho wa Mlima Elgon alirudi nyumbani na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, pamoja na shaba ya mita 1,500. Sabina Chebichi wa Trans Nzoia alipata shaba ya mita 800, na kwa shaba hiyo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa medali katika michezo hiyo. Jipcho alikuwa na miaka 30, Chebichi alikuwa na miaka 14. Magazeti ya wakati huo yalivutiwa na habari kwamba msichana huyo alikuwa amekimbia na kushinda akiwa pekupeku, amevaa petikoti, na jina la utani la vazi hilo likamganda maisha yake yote. Mimi navutiwa zaidi na tofauti ya umri. Jipcho alifika kileleni baada ya kupewa muda. Mwaka 1968, kule Mexico, alijitoa mhanga kwa kuvuta kasi ili Kipchoge Keino ashinde mita 1,500. Mwaka 1972, kule Munich, alipata fedha nyuma ya Keino huyohuyo. Mwaka 1973 akavunja rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji. Ndipo ikaja Christchurch, na baada yake akaenda Marekani kukimbia kwa malipo. Kwa Chebichi, Christchurch ilikuwa mwanzo ambao haukupata mwendelezo. Alipokuwa na miaka 17, umri ambao angeanza kukomaa, Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal ya 1976 pamoja na nchi nyingi za Afrika, na miaka minne baadaye ikasusia ya Moscow. Hakupanda tena jukwaa la michezo mikubwa.

Hoja ninayotaka kuijenga ni hii: katika ukanda huu unaoanzia Bungoma, ukapanda Mlima Elgon, ukashuka Kitale na kuishia kwenye vilima vya Pokot, kipaji cha wasichana hakijawahi kuwa haba hata mwaka mmoja. Kilichokosekana ni muda. Nazungumzia ile miaka kumi hivi, kati ya 14 na 25, ambapo mvulana mwenye mbio huachwa akimbie, akishindwa leo ajaribu kesho, ilhali msichana mwenye mbio zilezile huulizwa ataolewa lini, nani atachota maji, na karo ikiwa haitoshi, kwa nini asimwachie kaka yake nafasi. Kwa hiyo mwanamke bingwa anayetaka kuwafaa wasichana wa nyuma yake hupimwa kwa swali moja: amewaongezea miaka mingapi? Medali yake haijibu swali hilo. Anayoyafanya baada ya medali ndiyo yanayojibu.

Kuna watakaosema kwamba maumbile yenyewe ndiyo yanayompa mwanamke muda mfupi, na kwamba akishazaa mbio zimekwisha. Imani hiyo imeongoza maamuzi mengi ya wazazi na hata ya makocha, kwa hiyo inafaa kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi uko hapahapa mlimani. Edith Masai alizaliwa mwaka 1967 Chepkoya, Mlima Elgon. Wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kustaafu alipoanza kutambulika duniani. Machi 2002, kule Dublin, alishinda mbio fupi za nyika za dunia akiwa na miaka 34. Akazishinda tena mwaka 2003, na tena mwaka 2004 kule Brussels, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 37. Katikati ya hapo alipata shaba ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya Paris. Alikuwa mama wa mtoto aliyekwisha kukua, na alikuwa askari wa Magereza. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa mwanamke wa kijijini, Magereza, Polisi na Jeshi ni miongoni mwa taasisi zilizomlipa mshahara huku zikimwacha afanye mazoezi, na mshahara wa kila mwezi hununua hasa kile ambacho Chebichi hakuwa nacho, yaani ruhusa ya kushindwa msimu huu na kurudi msimu ujao. Masai hakuwa na mapafu ya ajabu yaliyosubiri mpaka miaka 34 ndipo yafunguke. Naamini mlimani walikuwako wengine wenye mapafu kama yake ambao hawakufika umri huo wakiwa bado wanakimbia.

Halafu kuna milango ambayo dunia yenyewe iliifunga. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800, wasimamizi wakadai mbio hizo zinawachosha kupita kiasi, zikaondolewa mpaka mwaka 1960. Mita 1,500 za wanawake zilingoja mpaka 1972, marathoni mpaka 1984, mita 10,000 mpaka 1988, mita 5,000 mpaka 1996, na kuruka viunzi na maji mpaka 2008. Tuweke tarehe hizo kando ya Mlima Elgon. Jipcho alipata fedha ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1972. Binti wa mlima huohuo mwenye kipaji kilekile angelazimika kungoja miaka 36 mingine ili mbio hizo ziwepo kwa ajili yake. Milcah Chemos, mzaliwa wa Bugaa katika Kaunti ya Bungoma, aliingia mara tu mlango ulipofunguliwa: alianza mchezo huo mwaka 2009, mwaka uleule akapanda jukwaa la dunia Berlin, akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2010 na ubingwa wa dunia Moscow mwaka 2013. London mwaka 2012 alimaliza wa nne, na ilibidi upite muda mrefu kabla Mrusi aliyeshinda kuvuliwa dhahabu kwa matumizi ya dawa haramu, ndipo shaba ikawa yake. Kwa hiyo tunapowauliza wanawake wa kizazi cha kabla ya Chemos kwa nini hawakuleta medali nyingi kama kaka zao, tukumbuke kwamba kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mbio ambazo zingewafaa hazikuwapo.

Hapo ndipo anapoingia Tegla Loroupe, na kwa maoni yangu yeye ndiye kielelezo kikubwa kuliko wote, ingawa hajawahi kupata medali ya Olimpiki. Alizaliwa mwaka 1973 Pokot Magharibi, upande wa Kapenguria, takriban kilomita 40 kutoka Kitale kwa barabara ya kwenda Lodwar, katika boma kubwa la mitala lenye watoto zaidi ya ishirini. Alikimbia kwenda shule na kurudi. Baba yake hakutaka binti afanye michezo, na wasimamizi wa riadha nao walimwona mdogo na mwembamba mno. Kimo chake ni kama sentimita 153, na waliompima kwa macho walitoa hukumu kabla hajakimbia. Ni mpaka aliposhinda mbio za nyika mwishoni mwa miaka ya 1980, tena pekupeku, ndipo walipomfikiria kwa timu ya vijana. Novemba 1994, akiwa na miaka 21, alishinda marathoni ya New York na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akaishinda tena. Aprili 1998 kule Rotterdam alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akaifuta rekodi ya dunia ambayo Ingrid Kristiansen wa Norway alikuwa ameishikilia tangu 1985. Mwaka 1999 kule Berlin akaipunguza kwa sekunde nne zaidi. Ubingwa wa dunia wa nusu marathoni aliutwaa miaka mitatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999. Wapo waliolalamika kwamba Rotterdam alisaidiwa na wanaume waliomwekea kasi. Ni kweli walikuwepo, na baadaye shirikisho la kimataifa likaamua kutenganisha rekodi za mbio za wanawake watupu na zile za mchanganyiko. Lakini Kristiansen naye aliweka rekodi yake katika mbio walimokimbia wanaume, na hakuna aliyemkimbilia Loroupe kilomita hata moja kati ya zile 42.

Angeweza kuishia hapo. Fedha za marathoni zilitosha kununua shamba na kuishi kwa utulivu, jambo ambalo ni haki ya yeyote aliyezitolea jasho, na sioni sababu ya kumlaumu bingwa anayelichagua. Loroupe alichagua lingine. Mwaka 2003 alianzisha wakfu wa amani unaobeba jina lake, akaanza kuandaa mbio Kapenguria ambapo jamii zilizokuwa zikiuana kwa sababu ya mifugo zilikutana kukimbia. Novemba 2006 wapiganaji wapatao 2,000 wa makabila sita walishiriki. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa balozi wa michezo. Akajenga shule ya watoto waliopoteza wazazi au makazi kwa sababu ya mapigano. Kisha akapanda barabara ileile ya Kitale na Lodwar mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akawatafuta vijana wenye mbio, akawapeleka Ngong kufanya mazoezi. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio ilipopokea timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, watano kati ya wanariadha wake kumi walikuwa Wasudan Kusini wa kundi hilo la Ngong, na kiongozi wa msafara alikuwa Loroupe. Aliyebeba bendera siku ya ufunguzi alikuwa Rose Nathike Lokonyen, mkimbiaji wa mita 800.

Pingamizi la haki hapa ni kwamba hiyo ilikuwa kazi ya amani na ya wakimbizi, na waliokimbia Kapenguria mwaka 2006 walikuwa wapiganaji, yaani wanaume. Msichana aliingia wapi? Nakubali kwamba Loroupe hakuanzisha chama cha wanawake wanamichezo, na anayetafuta kitu cha namna hiyo katika maisha yake hatakipata kirahisi. Lakini tutazame jinsi mambo yanavyofungamana katika nchi ya wafugaji. Kijana anavamia boma la jirani ili apate ng'ombe, na sehemu ya ng'ombe hao ni ya mahari. Binti anakeketwa, na akishakeketwa huhesabiwa amekuwa tayari kuolewa, shule inakatika hapo, na haya yanaendelea kwa siri hata baada ya sheria ya mwaka 2011 kupiga marufuku ukeketaji. Risasi zikisikika, shule hufungwa, na wa mwisho kurudishwa darasani ni msichana. Mkimbiaji wa Iten, mji wa mazoezi ya riadha, hutoka saa kumi na moja alfajiri akijua kwamba hatari kubwa ni matope. Kwenye mpaka wa Wapokot na Waturkana, au Wapokot na Wamarakwet, barabara ya alfajiri haina dhamana hiyo. Anayetaka msichana wa huko apate miaka kumi ya kukimbia lazima aanze na bunduki, na lazima aanze na wanaume kwa kuwa wao ndio wanaozishika. Loroupe aliyaelewa haya kwa kuwa yeye ni binti wa hapo. Mtaalamu wa michezo kutoka mbali angeanza na viatu na saa ya kupimia muda.

Pingamizi jingine linaelekezwa kwa matokeo ya Rio: kati ya wale watano wa Ngong hakuna aliyevuka raundi ya kwanza. Kwa hesabu ya medali hilo ni kweli tupu. Kwa hesabu ya muda mambo ni tofauti. Timu hiyo haikuvunjwa. Loroupe aliiongoza tena Tokyo, na kwa Paris mwaka 2024 uongozi ulimwendea Masomah Ali Zada, mwendesha baiskeli Mwafghanistani ambaye yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa timu hiyo Tokyo. Paris ndiko timu ya wakimbizi ilikopata medali yake ya kwanza kabisa, shaba ya ndondi, na aliyeipata ni mwanamke, Cindy Ngamba. Sidai kwamba Loroupe alimfundisha Ngamba kurusha ngumi. Nadai kwamba mlango aliosimama akiushikilia mwaka 2016 ulikuwa bado wazi miaka minane baadaye, na hiyo ndiyo maana ya kujenga kitu ambacho hakitegemei miguu ya mtu mmoja.

Ningependa kusema kwamba fedha hukamilisha kazi iliyobaki, kwamba mwanamke akishinda mbio za barabarani na kulipwa, basi amejinunulia uhuru wake. Wengi wanaamini hivyo, na kwa muda mrefu imani hiyo ilionekana ya busara. Yaliyotokea Trans Nzoia mwaka 2024 yameivunja. Rebecca Cheptegei, Mganda mzaliwa wa Bukwo ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon, alikuwa amejenga Endebess, karibu na Kitale, ili awe jirani na viwanja vya mazoezi vya Kenya. Agosti 11 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Septemba 1, nyumbani kwake, mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli na kumchoma moto, na Septemba 5 akafariki katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, akiwa na miaka 33. Iliripotiwa kwamba walikuwa wakigombania kiwanja na nyumba hiyo. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa kwa kisu Iten, majuma machache tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake watupu. Wanawake hawa hawakukosa kipaji, wala mshahara, wala umaarufu. Walikosa ulinzi wa kile walichokichuma: hatimiliki iliyoandikwa jina sahihi, akaunti ya benki isiyoshikwa na mtu mwingine, kituo cha polisi kinachochukulia kwa uzito malalamiko ya mwanamke juu ya mtu wa nyumbani kwake. Fedha bila ulinzi huo imegeuka kuwa chambo, na wasichana wadogo katika kambi za mazoezi huandamwa na wanaume wanaojiita makocha kwa sababu hiyohiyo.

Ndiyo maana naona umuhimu mkubwa katika kazi isiyopigiwa makofi, ya wanawake waliokaa kwenye kamati. Chemos, baada ya kuacha kushindana, amekuwa mwakilishi wa wanariadha katika Riadha Kenya. Wenzake Tirop walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia wanariadha wanaodhulumiwa majumbani. Mambo kama kanuni za kumlinda mtoto kambini, au nani wa kupigiwa simu usiku, hayaonyeshwi kwenye runinga, na hakuna anayewasimamishia mnara walioyaandika. Watu wengine wanaona kwamba kumhusisha bingwa na makaratasi ya namna hiyo ni kumpotezea hadhi. Mimi naona kinyume chake. Bingwa ndiye mtu pekee katika chumba hicho ambaye wazee wa riadha hawawezi kumwambia kwamba hajui mbio ni nini.

Itasemwa pia kwamba nimezungumzia riadha peke yake, na kweli wasichana wengi wa Kitale na Bungoma hukutana na michezo kupitia mpira. Lugulu Girls ya Bungoma ni jina linalojulikana katika voliboli ya shule, na Wiyeta Girls ya Trans Nzoia imewahi kutwaa ubingwa wa taifa wa soka ya shule za upili. Hoja haibadiliki, bali inapata nguvu. Shule ya bweni humpa msichana miaka minne ya muda uliolindwa: chakula, uwanja, mwalimu, na sababu ya kuwa uwanjani saa kumi jioni ambayo hakuna mjomba anayeweza kuipinga. Matokeo yake yanaonekana katika vikombe. Halafu unakuja mtihani wa kidato cha nne, na wiki ile ile ulinzi wote unaondolewa kwa pamoja. Katika voliboli, Magereza, Kenya Pipeline na KCB huajiri au hulipa wachache, na kwa njia hiyo timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, imefika Olimpiki ya Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Katika soka, timu kama Trans Nzoia Falcons zimejitahidi katika ligi kuu ya wanawake bila nguvu ya mwajiri wa namna hiyo, na tofauti ya mafanikio ya michezo hiyo miwili kimataifa haiko mbali na tofauti hiyo ya ajira.

Nafasi chache za vikosi na kampuni haziwezi kumtosha kila msichana, na wakfu wa mtu mmoja hutegemea wafadhili ambao kesho wanaweza kuhamia kwingine. Hicho ndicho kikomo cha kazi ya Loroupe, na yeye hawezi kulaumiwa kwacho. Kuanzia hapo ni zamu ya kaunti. Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, Bungoma, uliboreshwa na kuandaa sherehe za kitaifa za Madaraka, Juni 1, 2024, na mijadala ya bajeti ya michezo katika kaunti zetu bado hutawaliwa na majukwaa, nyasi na taa. Viwanja vinahitajika, sipingi. Lakini kwa sehemu ndogo ya gharama ya jukwaa moja, kaunti ingeweza kuajiri makocha wanawake kwa mkataba wa kudumu, kuwapa kazi za kaunti wachezaji wanaomaliza Lugulu na Wiyeta kwa masharti yanayowaachia jioni zao, na kumlipa wakili anayekaa na mwanariadha kabla hajatia sahihi karatasi ya shamba. Bunge la kaunti likiketi kupitisha makadirio ya michezo, mistari hiyo mitatu ndiyo ya kutafuta kwanza, na kama haimo, mwakilishi wa wadi aulizwe kwa nini.